Ukituma Gazeti la Zamani, Usikate Mwaka Wake

Mada ya leo ni karatasi za zamani: majarida na magazeti ya kilimo ambayo wazazi wetu waliyaweka darini, kwenye sanduku la bati au chini ya godoro, na ambayo siku hizi vijana wanayapiga picha kwa simu na kurushiana. Ni jambo jema, na ningependa liendelee. Lakini kila msimu wa mavuno naletewa simu nisome ukurasa fulani, na swali ni lile lile: "Bwana shamba, hii bado inafaa?" Nami huuliza la kwangu: imeandikwa mwaka gani? Mara nyingi hakuna anayejua. Picha imekatwa juu, pale palipokuwa na jina la jarida, mwezi na mwaka. Kimebaki kipande cha katikati, ushauri mtupu.

Kipande hicho kinaweza kukuokolea gunia kumi. Kinaweza pia kukupotezea gunia kumi, au kukulisha sumu. Ili uone kwa nini, inabidi turudi nyuma, tujue karatasi hizi zilitoka wapi, zilisomwaje, na kitu gani kilibadilika njiani.

Nakala moja, masikio mengi

Magazeti ya Kiswahili ya wamisionari na ya Wajerumani yalitangulia, ila lililofika kwa watu wengi zaidi lilikuwa Mambo Leo. Serikali ya Kiingereza ilianza kulichapa Dar es Salaam mwaka 1923, kila mwezi, chini ya Idara ya Elimu. Ndani yake kulikuwa na habari za miji, mashairi, barua za wasomaji, na mafunzo ya afya na kilimo. Waliolisikia walikuwa wengi kuliko walionunua, kwa sababu aliyejua kusoma, mara nyingi mwalimu au karani, aliwasomea wenzake kwa sauti. Kisha nakala ikaenda nyumba nyingine.

Mwaka 1955 likaja jarida la wakulima wenyewe, Ukulima wa Kisasa. Lilitolewa na serikali upande wa kilimo na likaendelea baada ya Uhuru chini ya wizara. Kama una karatasi ya kilimo ya zamani nyumbani kwenu hapa Dodoma, uwezekano mkubwa ni ya jarida hili. Liliandikiwa nchi nzima kutoka Dar es Salaam, na hapo tayari kuna jambo la kukumbuka: ukurasa mmoja ulisomwa na mtu wa Mbeya mwenye mvua ndefu na mtu wa Msalato ambaye mvua zake zinaanza Desemba, zinakwisha Aprili, na katikati zinaweza kupumzika wiki tatu bila kuaga.

Tatizo kubwa la miaka ile lilikuwa kusoma. Kwa hesabu za sensa ya 1967, watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa shuleni, chini ya miembe, kwenye maghala. Kufikia 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, na katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama mtu mmoja kati ya kumi. Aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma husahau, ndiyo maana mwaka 1974 lilianzishwa kule Mwanza gazeti la vijijini kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Jina lake linajieleza: Elimu Haina Mwisho.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1973, ikapita kampeni ambayo wazee wa hapa wanaikumbuka hadi leo, Mtu ni Afya. Ugogo ilikuwa imetoka tu kwenye Operesheni Dodoma ya 1971, watu wamehamishiwa vijiji vipya, wanakaa karibu karibu kuliko walivyozoea, na choo kimekuwa suala la kufa na kupona. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Mwaka 1975 ikafuata nyingine ya namna hiyo, Chakula ni Uhai, kuhusu lishe.

Naomba uangalie vizuri ule utaratibu wa kikundi, kwa sababu ndio tulioupoteza. Karatasi haikufika kwako peke yako. Ilisomwa mbele ya watu ishirini, na mpango wenyewe ulitaka mjadiliane kabla ya kutenda. Kijitabu kikishauri kitu kisichowezekana kwenye udongo wenu, mbele yake ameketi mtu aliyelima udongo huo miaka arobaini. Picha ya simu inakufikia usiku ukiwa kitandani, na asubuhi unaenda dukani kununua dawa.

Kumbukumbu isiyokuwa na karatasi

Wagogo hawakusubiri jarida ili wakumbuke ukame. Njaa kubwa zilipewa majina. Inayojulikana zaidi ni Mtunya, ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakataa, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia ikawakuta watu wamekwisha nguvu. Mzee wa Kigogo akitaja Mtunya, kwa neno moja amekupa mwaka, mahali na sababu. Hawezi kukuambia habari ya njaa ile ukadhani ni ya juzi, wala ukadhani ilikuwa ya Bukoba.

Upande wa pili, karatasi nzuri isiyojua mahali ilitugharimu hapa hapa mkoani. Mradi wa karanga wa Kongwa ulianza 1947 ukiwa na mpango ulioandikwa vizuri, matrekta na wataalamu. Mvua ikagoma. Udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji, karanga hazing'oki. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 za Waingereza zikafutwa vitabuni. Ukame wa Kongwa walikuwa wanaujua wenyeji wote. Kwenye mpango haukupewa uzito wake.

Mdudu aliyegeuza ushauri

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, kwa sababu ukurasa unaozunguka zaidi miongoni mwa wauza mahindi ni ule wa kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi.

Hadi miaka ya 1970 huo ulikuwa ushauri wa kawaida, na haukuwa wa kijinga. Mahindi ya kienyeji yana maganda yanayofunika gunzi lote hadi ncha. Ukiyahifadhi bila kumenya, juu ya kichanja chenye moshi wa jikoni au kwenye kihenge kinachopitisha hewa, maganda yanazuia fukusi kuingia, na hindi linaendelea kukauka taratibu. Wasomi walikuta wakulima wanafanya hivyo, wakaandika, na jarida likachapa. Ulifaa kwa wadudu waliokuwepo.

Halafu akaja dumuzi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia nchini kwetu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 wataalamu wakathibitisha kwamba mdudu mpya aliyekuwa akimaliza mahindi ya watu wa Tabora ni huyu. Wakulima walikuwa wameshampa jina kabla ya wataalamu. Wengine walimwita Scania, kama yale malori makubwa, maana akiingia anabeba kila kitu. Kwenye maghala ya Tabora zilipimwa hasara zilizofika theluthi moja ya uzito wa mahindi ndani ya miezi michache tu. Aliyemwona dumuzi hahitaji kuelezwa: unagusa hindi, linabomoka, kinachobaki mkononi ni unga mweupe na ganda tupu. Alitoboa hata mbao za ghala. Mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wa Kenya, mwaka uliofuata Burundi, na mwaka huo huo akaonekana Togo, huko Afrika Magharibi.

Na huyu dumuzi ana tabia moja inayogeuza ule ushauri wa zamani juu chini. Anapenda hindi lililokaa kwenye gunzi. Punje zikiwa zimeshikana anapata pa kujiegemeza, anatoboa kutoka moja kwenda nyingine bila taabu. Punje zikiwa huru, zinacheza kila anapozisukuma, kazi inakuwa ngumu. Kwa hiyo katika miaka ya 1980, serikali na FAO zilipoendesha kampeni ya kumzuia, ujumbe ukawa: kausha, pukuchua, changanya na dawa ya vumbi, hifadhi punje. Dawa yenyewe ilibidi itafutwe upya. Kiambato kilichokuwa kinaua fukusi vizuri hakikumtosha dumuzi, na kile kilichomuua dumuzi kilikuwa dhaifu kwa fukusi. Ndipo vikachanganywa viwili katika pakiti moja, na hiyo ndiyo Actellic Super mnayoijua.

Kwa hiyo kuna makala ya kabla na makala ya baada. Mbili hizi zinaweza kuwa na kichwa kimoja, jarida moja, hata mchoro unaofanana wa mama amesimama kando ya kihenge. Moja inakuambia acha kwenye gunzi, nyingine inakuambia pukuchua. Zote mbili zilikuwa kweli siku zilipochapwa. Kinachozitenganisha ni tarehe iliyo juu ya ukurasa, ile ile ambayo kijana ameikata ili maandishi yaonekane makubwa zaidi kwenye kioo cha simu.

Niongeze jambo la kwetu. Mtama na uwele dumuzi havimnogei kama mahindi na makopa ya muhogo. Adui wa mtama ni fukusi na ndege. Wazee wetu waliohifadhi mtama ndani ya kilindo kilichozibwa kwa udongo na samadi, humo ndani ya tembe, hawakuwa na habari na dumuzi. Kadiri Dodoma ilivyoongeza mahindi, ndivyo ilivyomkaribisha. Sisemi uache mahindi, soko linayataka na mimi najua. Nasema mwenye mtama asome makala ya mtama.

Sumu iliyokuwa halali

Kuna jambo la pili, na hili halina mzaha. Majarida ya miaka ya 1950 hadi 1970, hapa na duniani kote, yalitaja DDT na lindani kama unavyotaja sabuni. Ndizo zilikuwa dawa za kisasa. Baadaye ikajulikana kwamba sumu hizi hazioi upesi, zinakaa kwenye udongo, kwenye mafuta ya mwili na kwenye maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm ulisainiwa 2001 ukiziweka sumu za namna hiyo chini ya udhibiti wa dunia, na Tanzania ikauridhia 2004. DDT iliachiwa mlango mdogo tu wa kupambana na mbu wa malaria. Lindani iliongezwa kwenye orodha 2009, na endosulfani, iliyopendwa sana na wakulima wa pamba, mwaka 2011.

Ukikuta ukurasa wa zamani unakuambia uchanganye mojawapo ya hizo na chakula cha ghalani, usiulize itapatikana wapi. Ukurasa huo utunze kama historia, lakini usiutume bila kuandika juu yake kwamba dawa hiyo imekatazwa. Na ukiona mtu anakuuzia mnadani kopo lisilo na lebo kwa maelezo kwamba "ni ile dawa kali ya zamani," mwache nayo. Mamlaka inayosajili viuatilifu sasa ni TPHPA, makao yake yako Arusha, na iliundwa kwa sheria ya 2020 ikachukua kazi zilizokuwa za TPRI. Dawa halali ina namba ya usajili kwenye pakiti. Kipimo cha kufuata ni kilichoandikwa kwenye hiyo pakiti uliyoishika mkononi, hata kama jarida la baba yako linasema vingine.

Sumu nyingine haikutajwa kabisa, kwa sababu ilikuwa haijajulikana. Sumukuvu ilianza kufahamika baada ya 1960, pale bata mzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza kutokana na chakula chenye mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Kwa hiyo ukurasa wa kabla ya hapo hauwezi kukuonya. Unaweza hata kukushauri punje zilizoharibika uwape kuku au upikie pombe, maana enzi hizo kutupa ndiko kulikoonekana kosa. Leo tunajua kwamba sumukuvu haiondoki kwa kupika, na kuku aliyekula anaugua. Mwaka 2016 tuliionja wenyewe. Watu wa Dodoma na Manyara, wakiwemo wa Chemba, Kondoa na Kiteto, waliugua ini baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na watu wapatao 20 walifariki. Unapotuma ukurasa wa kuhifadhi nafaka hapa kwetu, ndugu yangu, unagusa jambo la uzito huo.

Galoni, wakia na gunia

Hata ushauri ulio sahihi unaweza kukuangusha kwa kipimo. Nchi yetu ilihesabu kwa ratili, wakia na galoni hadi ilipohamia kilo na lita baada ya Uhuru. Wakia moja ni gramu 28 na kidogo. Galoni ya Kiingereza ni lita nne na nusu. Jarida likisema "debe" lilikuwa na maana ya lile debe la mafuta ya taa, galoni nne, yaani lita 18. Wewe leo ukisikia debe unachukua ndoo ya lita 20. Tofauti ni ndogo kwa kupimia maharage ya kula. Kwa kuchanganya dawa ya kupulizia ni kupunguza nguvu ya dawa kwa sehemu moja ya kumi, kisha mtu analalamika kwamba wadudu wamezoea.

Gunia ndilo lenye mtego zaidi, na hapa wafanyabiashara mnisikilize. Gunia la kwenye majarida ya zamani ni ratili 200, kilo 90. Gunia la sheria leo halizidi kilo 100. Lumbesa, mnajua wenyewe. Pakiti iliyopimwa kwa gunia la kilo 90 ukiimwaga kwenye lumbesa la kilo 130, mahindi ya juu yamepata dawa, ya chini yamepata jina la dawa. Pima kwa kilo, usipime kwa gunia.

Basi tuyachome?

Hapana kabisa. Ningeambiwa nichague kati ya rundo la majarida ya zamani na rundo la vipeperushi vya matangazo ya mbegu vya msimu huu, ningechukua majarida. Ndani yake kuna mambo ambayo hayajazeeka. Jinsi ya kukata matuta kukinga mteremko, jinsi ya kuozesha samadi kabla ya kuipeleka shambani, kupanda mapema mvua ya kwanza ikilowesha udongo, kupalilia mara mbili, kumkamua ng'ombe kwa mikono safi: hayo yalikuwa kweli 1958 na ni kweli leo. Kuhusu matuta tuna ushahidi karibu. Mradi wa HADO ulianza 1973 kuokoa ardhi ya Kondoa iliyokuwa imekatwa na makorongo, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Ilikuwa amri chungu kwa wafugaji, na hadi leo inajadiliwa kama ilikuwa ya haki. Lakini majani na miti vilirudi, na karatasi zilizoandikwa wakati ule kuhusu kukinga maji bado nazitumia kufundishia.

Kuna pia mambo yaliyoonekana ya kizamani yakarudi kwa sura nyingine. Kilindo kilichozibwa kilifanya kazi kwa kubana hewa. Mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani, inafanya hivyo hivyo: mdudu anakosa hewa, anakufa bila dawa. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, wakifanya kazi na wakulima wa kunde wa Kameruni, mwishoni mwa miaka ya 1980. Sharti lake ni moja tu, nafaka iwe kavu kabisa. Kama huna mashine ya kupimia unyevu, tia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Mbegu nazo zinataka mwaka. Ukurasa wa miaka ya 1960 au 1970 ukikusifia mtama aina ya Serena, ulikuwa na sababu, ni mtama mwekundu ambao ndege hawaupendi kwa uchungu wake. Lakini mwandishi wake hakuwa na Pato wala Macia, zilizokuja miaka ya 1990 na zinazokomaa mapema na kutoa unga mweupe. Ukurasa haudanganyi. Umeandikwa kabla ya mbegu.

Namna ya kutuma

Ukipiga picha makala ya zamani, piga ukurasa mzima kwanza, kuanzia ncha ya juu hadi namba ya ukurasa chini. Kisha piga jalada, penye jina, mwezi na mwaka. Tuma zote mbili pamoja, kila mara. Kama jalada limechanika, andika unachojua: "ilikuwa ya babu, amekuwa nayo tangu kabla ya vita vya Kagera." Hata hiyo ni tarehe, inatuambia ni kabla ya Oktoba 1978, kwa hiyo ni kabla ya dumuzi kujulikana. Ongeza mstari mmoja wa kwako: nimejaribu Msalato, msimu fulani, ikawa hivi. Mstari huo mmoja ndio unaochukua nafasi ya wale watu ishirini wa kikundi cha Mtu ni Afya. Na jina la jarida na la mwandishi liache palepale lilipo. Ni jasho la mtu, na pia ndilo linalomwezesha anayepokea kwenda kutafuta ukurasa unaofuata, kwa sababu makala nyingi zilikuwa na "itaendelea."

Kwa wanaotaka kutafuta zaidi, tunayo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, pale SUA Morogoro, iliyopewa hadhi hiyo kwa sheria ya 1991. Dodoma mjini kuna maktaba ya mkoa. Kwa makala mpya zenye utaratibu mzuri, jarida la Mkulima Mbunifu limekuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 2011 kwa ajili ya wakulima wadogo, na matoleo yake ya nyuma yanapatikana mtandaoni yakiwa kamili, na mwezi na mwaka wake. Ukituma kutoka huko, tuma toleo zima badala ya kukata kipande. Faili si kubwa kiasi hicho. Video za vichekesho mnazotumiana ni nzito zaidi.

Mimi mwenyewe natafuta nakala za Ukulima wa Kisasa, hasa za kati ya 1975 na 1985, nione ushauri wa mahindi ya ghalani ulibadilika toleo gani. Uliye nayo, hata kama imeliwa pembeni na mchwa, niletee Jumamosi siku ya mnada wa Msalato. Nitaipiga picha ukurasa kwa ukurasa mbele yako, jalada kwanza, na utaondoka nayo siku hiyo hiyo.